Lilishe vumbi la mbao, lisije likala shamba lako

Masika yamekwisha na baridi ya Juni imeingia. Mkulima wa Kawangware, Dagoretti au Kangemi, huu ndio wakati wa kuanza biwi la mboji la kukufaa vuli ya Oktoba. Malighafi haiko mbali: pita kwa maseremala wa Barabara ya Ngong, uombe magunia mawili matatu ya maranda na vumbi la mbao.

Usilichimbie shambani vumbi hilo likiwa bichi. Wanaofanya hivyo huona sukuma wiki ikigeuka manjano, wakadhani mbao ina sumu. Mara nyingi si sumu, ni njaa. Vumbi la mbao lina kaboni mara 200 hadi 500 ya naitrojeni, na vijidudu vinavyoozesha huridhika na uwiano wa 30 kwa 1 hivi. Vikipungukiwa na naitrojeni, huipokonya mimea yako.

Basi lilishe kwanza. Chini panga vijiti vya kupitisha hewa. Juu yake weka vumbi sentimita 10, majani mabichi sentimita 15, kisha samadi ya kuku sentimita 5, na konzi chache za udongo. Nyunyiza maji, urudie hadi biwi lifike kimo cha mita moja na zaidi kidogo. Ukipata maranda yaliyotandikwa kwenye banda la kuku, umerahisishiwa kazi, maana samadi imo tayari.

Funika kwa majani ya migomba. Kamua konzi moja: yakidondoka matone mawili, unyevu unatosha. Chomeka fimbo katikati; ukiichomoa baada ya siku chache inapaswa kuwa moto. Pindua kila wiki mbili au tatu.

Joto likishatulia, kuvu huendelea kuvunja lignini, ile sehemu ngumu ya mti, na mabaki yake hujenga vitu vyeusi viitwavyo humiki. Vitu hivyo hushika maji na rutuba. Kwenye udongo wetu mwekundu vina kazi nyingine: chuma na alumini hufungia fosforasi, na humiki huvishika vyuma hivyo ili mizizi ipate chakula chake. Humiki ya chupa inayouzwa madukani mara nyingi hutolewa kwenye makaa laini yachimbwayo ardhini; wewe unaweza kuipika nyuma ya nyumba.

Kataa vumbi la nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zilizopakwa rangi, na la mbao za gundi kama plaiwudi. Vumbi la mkaratusi na msonobari liache lioze muda mrefu zaidi, maana mafuta na utomvu wake huzuia mbegu kuota.

Miezi minne ikipita, kagua. Mboji iliyoiva ni nyeusi, imepoa, na inanukia kama msitu baada ya mvua. Panda mbegu chache za sukuma kwenye mkebe wenye mboji hiyo. Zikisinyaa, iache hadi masika ya Machi. Zikistawi, tia debe moja kwa kila mita mraba, au sehemu 1 ya mboji kwa 2 za udongo ukipanda kwenye gunia. Kabla ya kununua mbolea ya duka, peleka udongo wako ukapimwe kwenye maabara ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, Kabete.

Oktoba haisubiri. Tafuta maranda wiki hii.