Kupanda Mianzi Mikubwa Nizwa, Ibra na Sur

Mianzi inaweza kustawi katika mashamba ya Dakhiliyah na Sharqiyah, Oman, lakini kwa sharti moja: maji. Mvua yetu ni takribani milimita 100 kwa mwaka, na joto la kiangazi hupita nyuzi 45. Basi fuata hatua hizi.

1. Chagua mwanzi unaovumilia ukame. Dendrocalamus giganteus hufika mita 30, na unene wa sentimita 20 na zaidi, lakini kwao ni nchi za unyevu kama Myanmar. Kwetu bora ni Dendrocalamus strictus wa India: mita 8 hadi 16, shina gumu, na huhimili joto kali. Wa pili ni Bambusa vulgaris, mwanzi uliozoeleka Afrika Mashariki, ila huo unataka maji zaidi. Yote mitatu huota kwa kichaka, haitambai shambani.

2. Hesabu zamu yako ya maji ya falaji, mfereji wa umwagiliaji. Hata strictus kwao hupata mvua ya milimita 750 hivi. Ikiwa athar zako, yaani zile nusu saa za maji, zinatosha mitende tu, usipande. Sur, iliyo pwani, pima kwanza chumvi ya kisima. Mianzi haipatani nayo.

3. Panda joto likishavunjika, Oktoba au Novemba. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na samadi iliyooza, acha mita 5 kati ya mche na mche, na ukae mbali na mfereji wa falaji na kuta.

4. Funika udongo kwa makuti yaliyokatwakatwa, mwagilia mara kwa mara miaka 2 ya mwanzo, na uweke kizuizi cha upepo.

5. Elewa mwanzi unavyokua. Mwanzi ni jamaa ya nyasi. Chipukizi hutoka ardhini na unene wake wote, likamaliza urefu kwa miezi michache. Baada ya hapo halinenepi tena, hukomaa tu. Kwa hiyo mashina membamba ya mwaka wa kwanza yasikukatishe tamaa: yanalisha mizizi, na ya miaka inayofuata hutoka manene zaidi.

6. Vuna kwa kuchagua. Kata mashina yaliyotimiza miaka 3 au zaidi, juu kidogo ya fundo la chini. Machanga yaache, maana ndiyo yanayozaa mengine.

Mitende imelisha nchi hii vizazi na vizazi. Mpe mwanzi maji yaliyobaki baada ya mtende kushiba, si kabla.