Meloni baridi na divai

Swali: Niliwaandalia wageni kinywaji cha meloni na divai nyeupe cha kumalizia mlo. Kilipotoka kwenye friji kilikuwa kikali, kina uchungu kidogo, na rojo limejitenga na maji. Tatizo ni nini?

Jibu: Naishuku divai kuliko meloni. Ubaridi hupunguza utamu mdomoni, hivyo divai isiyo na sukari, ambayo kwa chakula ni nzuri tu, ikipoa sana hubakiza ukali. Kusini mwa Ufaransa, meloni za Cavaillon huliwa na divai tamu ya muskati kutoka Beaumes-de-Venise, yenye kilevi cha asilimia 15 hivi. Kwetu, divai tamu nyeupe ya Dodoma inatosha kabisa.

Chagua meloni inayonukia hata kabla ya kukatwa. Isiyo na harufu hakuna divai itakayoiokoa. Toa mbegu zote, na nyama ngumu inayogusa ganda iache hukohuko. Kwa nyama ya gramu 500, tia divai mililita 150, maji ya nusu ndimu na chembe ya chumvi. Saga tunda peke yake, lichuje, ndipo ukorogee divai kwa kijiko. Blenda huitoa povu na kuipotezea harufu. Barafu usitie, itakizimua. Gandisha vipande vichache vya meloni uvitumbukize kwenye glasi.

Kule kujitenga ni kawaida ya tunda lililosagwa: koroga kabla ya kumimina, na kinywewe siku hiyohiyo. Asiyetumia kilevi mpe cha juisi ya zabibu nyeupe, kipimo kilekile.