Ukifiwa, Kuwatumikia Wengine Kwaweza Kukurudishia Furaha

Kufiwa si ugonjwa. Hata hivyo, aliyefiwa aghalabu hukosa usingizi, chakula humshinda, kifua humbana na hata akiketi na watu mawazo huwa mbali. Hapa kwetu majirani hujaa matanga yakiwapo, kisha baada ya mazishi au hitima kila mtu hurudi kwake. Hapo ndipo upweke unapoanza. Somo letu wiki hii ni juu ya dawa moja isiyouzwa dukani, yaani kujitolea kwa ajili ya wengine, pamoja na kipimo chake, kwa maana dawa hii nayo humdhuru anayeitumia vibaya.

Tutazame mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, ambao zamani ulikuwa katika eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kuundwa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, kando kabisa ya nyumba za wakazi wapatao 3,000. Madini hayo huingia mwilini kwa pumzi, vumbi au maji, yakajificha mifupani na kudhuru ubongo, hususan wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Bi Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi uchunguzi wa damu ulipoonyesha risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani. Mtoto wake alipona, lakini baadhi ya wenzake hawakubahatika: walieleza kwamba wamezika watoto na mimba zimewaharibikia. Waliandamana, wakadai watoto wapimwe, Bi Omido akakamatwa mwaka 2012. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Kesi ya fidia ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3; mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabu miaka hiyo, msomaji. Mzazi aliyejiambia kwamba atacheka siku haki itakapopatikana, angekaa na huzuni yake miaka minane, na hata hukumu isingemrudishia mwanawe.

Ndiyo maana anayejitolea baada ya kufiwa hana budi kuitafuta furaha katika kazi yenyewe, si katika ushindi. Ipo siku unampeleka mtoto wa jirani kupimwa damu na mamake anapata jina la maradhi yaliyomsumbua. Ipo siku mnakaa watano chini ya mwembe mkiandika barua kwa chifu, mmoja anatania, nawe unajikuta umecheka. Wengi huona haya kwa kicheko hicho, kana kwamba wamemsaliti marehemu. Hawajamsaliti.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2008 Stephanie Brown na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wazee waliofiwa na wake au waume zao. Miongoni mwa walioumia sana, wale waliokuwa wakiwasaidia watu wengine walipungukiwa na dalili za sonona haraka zaidi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba msaada ndio ulioponya, maana huenda aliyeanza kupata nafuu ndiye mwenye nguvu za kusaidia. Lakini gharama ya kujaribu ni ndogo.

Sasa kipimo. Mwezi wa kwanza si wakati wake, na mjane aliye edani asiharakishwe. Ukianza, anza na saa mbili kwa wiki, tena kazi yenye mwisho unaoonekana: kumpeleka mtu kliniki, kuandika majina, kupika. Usikubali kusimamishwa kila mkutano usimulie kifo cha mpendwa wako. Wapo viongozi wanaopenda sana machozi ya wengine, na kidonda kinachofunuliwa kila Jumamosi hakifungi. Ukiona huli wala hulali kwa sababu ya mikutano, au unakimbilia kazi ili usiingie chumba cha marehemu, pumzika.

Aidha, kuna huzuni isiyotulizwa na kazi. Tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua huzuni ya muda mrefu: hamu kali ya marehemu inayodumu zaidi ya miezi sita, ikipita desturi za jamii ya mfiwa na kumzuia kuendesha maisha yake. Mtu wa namna hiyo, au anayetamani kumfuata marehemu, asipewe kamati ya kuongoza. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na jamaa mmoja afuatane naye. Kwa wakazi wa Changamwe, Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili.