Mhudumu wa Sauti Ndani ya Kompyuta

Bila shaka umepata kusikiliza sauti kutoka katika redio au simu. Kompyuta nayo hutoa sauti. Katika somo hili utajifunza jinsi sauti hiyo inavyopatikana. Pia utajifunza la kufanya iwapo kazi inayoshughulikia sauti itaisumbua kompyuta.

Sauti ni mtetemo

Jaribio la 1

Vifaa: redio yenye spika; kipande chepesi cha karatasi.

Hatua:
1. Washa redio. Laza redio ili spika itazame juu.
2. Weka karatasi juu ya spika.
3. Ongeza sauti kidogo kidogo. Angalia karatasi.

Karatasi inafanya nini? Utaona kwamba inatetemeka. Ndani ya spika mna kiwambo kinachokwenda mbele na nyuma kwa haraka. Kiwambo hicho hutikisa hewa, nasi husikia sauti.

Kadi ya sauti

Kompyuta huhifadhi sauti kwa namba. Kwa mfano, santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia namba 44,100 kwa kila sekunde ya muziki, kwa kila spika katika spika mbili. Spika haiwezi kusoma namba. Kadi ya sauti huzipokea namba hizo na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ndio unaokisukuma na kukivuta kiwambo cha spika. Katika kompyuta nyingi za siku hizi, kadi hiyo ni kipande kidogo kilichounganishwa moja kwa moja katika ubao mkuu.

Kazi isiyoonekana

Fikiri juu ya siku ya kuuza kahawa huko Kaisho, mkoani Kagera. Wakulima wamefika na magunia yao, lakini mizani ni moja. Karani wa mizani huhakikisha kwamba kila mkulima anahudumiwa. Je, itakuwaje mtu mmoja akiacha gunia lake juu ya mizani na kwenda zake? Wote waliobaki watasimama wakingoja, ingawa mizani ni nzima.

Ndani ya kompyuta programu ni nyingi, lakini kadi ya sauti mara nyingi ni moja. Kwa hiyo ipo programu maalumu inayofanya kazi kama karani. Tutaiita mhudumu wa sauti. Mhudumu huyu hupokea sauti za programu zote, huzichanganya, kisha huzipeleka kwenye kadi. Hana dirisha katika kioo cha kompyuta. Hufanya kazi yake chinichini.

Mhudumu wa sauti huweza kuleta taabu za namna mbili:

(a) Kadi kushikwa. Programu moja huishika kadi ya sauti na haiiachi, hata baada ya dirisha lake kufungwa. Programu nyingine hukosa sauti.

(b) Kufanya kazi kupita kiasi. Mhudumu hukitumia mno kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu za kompyuta. Kompyuta hupata joto, feni yake huvuma, kazi nyingine hupungua mwendo, na betri huisha upesi.

Kwa shule inayotumia umeme wa jua uliohifadhiwa katika betri, taabu hii ya pili ni hasara kubwa. Betri huweza kwisha kabla kundi la mwisho la wanafunzi halijapata zamu yake.

Taabu hizi zimewapata watu wengi duniani. Mwezi Aprili mwaka 2008, mfumo wa Ubuntu 8.04 ulitolewa ukiwa na mhudumu wa sauti aitwaye PulseAudio. Watumiaji wengi walilalamika kwamba sauti ilikatika au ilikosekana kabisa. Mafundi waliendelea kumrekebisha kwa miaka mingi. Mwaka 2022, mfumo wa Ubuntu 22.10 ulianza kutumia mhudumu mwingine, aitwaye PipeWire.

Kuitafuta kazi inayosumbua

Jaribio la 2 (Fanya pamoja na mwalimu wako.)

Kifaa: kompyuta yenye mfumo wa Windows.

Hatua:
1. Hifadhi kwanza kazi yako yote.
2. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Orodha ya kazi zinazoendelea itatokea.
3. Tazama safu iliyoandikwa CPU. Safu hii huonyesha jinsi kila kazi inavyokitumia kichakataji.
4. Cheza wimbo. Andika namba unayoiona kwa kazi ya sauti. Faili la kazi hiyo huitwa audiodg.exe.
5. Funga wimbo. Ngoja dakika moja. Andika namba hiyo tena.

Namba ikishuka karibu na sifuri, mhudumu ni mzima. Ikibaki juu, funga programu zinazotumia sauti, moja baada ya nyingine, huku ukiangalia namba. Ile ambayo kufungwa kwake kunashusha namba ndiyo inayosababisha taabu. Usifunge zote kwa mara moja, kwani hutajua kosa lilikuwa la ipi.

Kama namba haishuki, mwalimu azime mapambo ya sauti katika mipangilio ya spika. Mapambo hayo humwongezea mhudumu hesabu nyingi. Ikishindikana, izimeni kompyuta kwa utaratibu, kisha iwasheni tena.

Angalia: Usikomeshe kazi usiyoijua, kwa sababu huenda kompyuta inaihitaji. Wala usikate umeme ghafla, kwa kuwa maandishi ambayo hayajahifadhiwa yatapotea.

Maswali

1. Kadi ya sauti hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mhudumu wa sauti amelinganishwa na karani wa mizani?
3. Taja dalili tatu za kazi inayokitumia mno kichakataji.
4. Kwa nini tunafunga programu moja moja tunapotafuta kosa?
5. Shule yenu ina betri moja na makundi manne ya wanafunzi. Eleza mtakavyohakikisha kwamba kila kundi linapata zamu.