Kifafa Nyumbani: Anza na Jiko

Kifafa kikithibitika nyumbani, ukoo mzima huanza kuulizana kimetoka wapi: kwa wazee wa upande gani, kwa kijicho cha jirani yupi. Swali hilo linaweza kusubiri. Jiko haliwezi.

Hatua ya kwanza: moto na maji. Mtu aliyeshikwa na kifafa akiangukia mafiga hajui kwamba anaungua, wala hawezi kujivuta. Makovu mengi ya wagonjwa hawa hutoka hapo. Jenga jiko la udongo lililoinuka hadi kiunoni, au lizungushie ukingo imara. Yeye apike akiwa na mwenzake, na sufuria ya uji unaochemka aipue mwingine. Kibatari kikae juu, asipoweza kukifikia akianguka. Aoge kwa ndoo na kata, mlango umerudishwa bila komeo. Kisimani, mtoni na baharini asiende peke yake. Godoro likiwa chini, kuanguka usiku hakutamuumiza.

Hatua ya pili: daftari. Andika tarehe, saa, kifafa kilianzaje, kilidumu dakika ngapi, na nini kilitangulia: kukesha msibani, homa, pombe, siku za hedhi, dozi iliyorukwa. Kama kuna simu, mtu mmoja arekodi video wakati wengine wanamhudumia. Daktari mara chache hushuhudia tukio lenyewe, na maneno ya "alitikisika sana" hayamsaidii. Andika pia yasiyofanana na kuanguka. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache darasani, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda anachapwa kwa uzembe kumbe anaumwa.

Hatua ya tatu: dawa, kila siku, saa ileile. Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa, na fenobabito, dawa kongwe na ya bei nafuu, bado inatumika sana. Tatizo ni kwamba mgonjwa akikaa miezi kadhaa salama, nyumbani husema amepona na vidonge vinaachwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa mfululizo kisichokatika, nacho huua. Dawa hupunguzwa polepole, kwa uamuzi wa daktari. Rudi kliniki kabla kopo halijaisha. Mwanamke aseme mapema kama anatarajia kuzaa au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango: valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Akitaka kuombewa, aombewe. Kidonge akimeze pia.

Hatua ya nne: akianguka. Tazama saa kwanza, kwa sababu dakika moja ya kifafa huonekana kama kumi. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza shingo ya nguo. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole chako. Ulimi haumezwi, ila meno huvunjika. Mtikisiko ukikoma mlaze ubavu ili mate yatoke, kaa naye hadi azinduke, na usimpe maji kabla hajazungumza vizuri. Hospitali ni lazima kifafa kikipita dakika 5, kikirudi kabla hajazinduka, akiwa ameumia au ameangukia majini, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Mjamzito apelekwe bila kusubiri chochote.

Hatua ya tano: majirani. Mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa, lakini hofu hiyo imewaacha watu wakiungua huku wenzao wakitazama. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Mahenge, mkoani Morogoro, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wakila peke yao na wakiishi kando ya familia. Alianza kuwapa vidonge, na walioacha kuanguka walirudi kuishi na watu. Utafiti wa baadaye huko Mahenge umehusisha kifafa na usubi, unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi. Kwa hiyo dawa ya usubi ikigawiwa kijijini, imezwe.

Kwingineko chanzo kimojawapo ni tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na yakimezwa kwa maji au mboga mbichi, viluwiluwi vyake hufika hadi kwenye ubongo. Hata asiyeonja kitimoto yumo hatarini, kwa hiyo choo cha jirani kinamhusu. Haya yasemwe kwenye mkutano wa mtaa: nguruwe wafungiwe bandani, nyama iive hadi ndani, vyoo vitumike.

Pita kijiwe cha bodaboda na kwenye kikoba kuonyesha namna ya kumhudumia aliyeanguka, na usitoe hotuba. Mtu alale chini, mwingine amgeuze ubavu. Shuleni mwambie mwalimu wa darasa faraghani, kwa ridhaa ya mtoto. Jumatatu ya pili ya Februari ni Siku ya Kimataifa ya Kifafa: omba dakika kumi za paredi, onyesha mara moja, kisha wanafunzi wafanye wenyewe wawiliwawili.