Msamiati wa Mvua, Barabara na Mto

Wengi wetu tukiulizwa habari za mvua tuna majibu mawili tu: "inanyesha" na "imeisha." Likizo ya Aprili chama chetu kilisafiri kutoka Malindi hadi nyumba ya wageni kando ya Mto Tana, karibu na Kipini. Safari yenyewe ikawa darasa. Hebu tuyatazame maneno tuliyookota njiani.

(a) Mvua
Mvua za Machi hadi Mei ni masika. Za Oktoba hadi Desemba ni vuli. Tulipovuka daraja la Sabaki kulikuwa na manyunyu, yaani mvua nyepesi. Kufika Gongoni, lo! Ikamwagika hata kioo cha mbele kisionyeshe kitu. Mvua ikiacha kunyesha, imepusa. Mawingu yakitawanyika na jua likatoka, kumeanuka. Kwa hivyo usianike nguo mvua ikipusa. Ngoja kwanza kuanuke.

(b) Barabara
Hadi Garsen, zaidi ya kilomita 100, ni lami, lakini tulikwenda mwendo wa kinyonga. Baada ya Witu tukaingia barabara ya udongo. Hapo ni matope na utelezi mtupu. Gari lisiloweza kwenda mbele wala kurudi nyuma limekwama. Letu lilikwama mara mbili, wavulana tukashuka kusukuma.

(c) Mto
Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mbele ya kijito kimoja tulimkuta mzee amejikinga kwa gunia. Dereva akasema, "Shikamoo mzee. Huko mbele maji yamejaa?"
"Marahaba mwanangu. Hayakujaa, yamefurika."

Dereva akazima gari papo hapo. Maji yakijaa, yamefika ukingoni lakini yangali ndani ya njia yake. Yakifurika, yamepita ukingo na kufunika barabara, hata hujui lami au udongo unaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Tulingoja saa mbili hivi, maji yakapungua, tukapita salama. Neno moja lilitosha kutuzuia. Si mzaha: Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu hapo Lango la Simba.

Tulifika usiku. Nyumba ni ya boriti za mikoko na makuti, taa ni kandili. Asubuhi tuliuona Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, una rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaotoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua. Maji yaendayo kwa nguvu ni mkondo. Yanapoingia baharini ni mlango wa mto.

Zoezi
1. Eleza tofauti: kupusa na kuanuka.
2. Tunga sentensi mbili: kujaa, kufurika.
3. Muulize mzee wa kwenu neno moja la mvua usilolijua, ulilete chamani.