Shingo Ile Haikuwa Chafu

Mwaka jana nilikuwa Mbebe, mkoani Songwe, kwa mazoezi ya kufundisha. Nasoma ualimu, masomo yangu ni Baiolojia na Kemia. Shule niliyopangiwa sitaitaja. Binti nitakayemzungumzia nilimwomba ruhusa, akanipa, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asijulikane. Kosa ninalolisimulia ni langu mwenyewe.

Jumatatu moja nilikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo ukaguzi wa usafi ulikuwa wangu. Kucha, kola, nywele, viatu. Nikafika kwa binti mmoja wa kidato cha tatu. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyeusi tii, nyeusi kuliko uso na mikono yake, na ngozi imekuwa nene kidogo kama kitambaa cha mahameli. Nikamwambia mbele ya mstari mzima aende bombani akasugue. Akaenda. Akarudi shingo imechubuka na weusi uko palepale.

"Madam, haitoki. Mama alishajaribu dodoki, akajaribu jiwe, akajaribu na ndimu."

Wenzake wakacheka. Mimi nikamwambia kesho aje msafi.

Saa nne siku hiyohiyo niliingia darasani kwao na mada ya jinsi mwili unavyodhibiti sukari. Niliandika ubaoni kwamba insulini inashusha sukari kwenye damu, darasa zima likaimba sentensi hiyo kwa Kiingereza, nami nikaridhika. Binti yule alikuwa dawati la pili, ananakili, kola ameifunga mpaka kifungo cha juu. Yaani somo lilikuwa limekaa mbele yangu na sikulisoma.

Aliyenifumbua macho ni tabibu wa zahanati, mama mmoja wa makamo ambaye nilikuwa nakutana naye dukani jioni. Nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe si ndiye unayefundisha baiolojia? Hebu mlete huyo mtoto asubuhi, asinywe chai." Tukaenda. Akamtoboa kidole, mashine ikasoma 5.3. Nikashusha pumzi: kumbe hana kisukari. Tabibu akasema, "Nimepima sukari, ikawa nzuri. Sijasema hana tatizo."

Sentensi hiyo ndiyo sababu ya makala hii, kwa sababu wengi wetu, hata tunaosoma sayansi, tunaishia pale: sukari ikiwa sawa, mtu mzima wa afya.

Hebu tuangalie kinachotokea. Ukila wali maharage, wanga unavunjwa kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, linaachia homoni ya insulini. Vitabu vingi husema insulini ni ufunguo wa mlango wa seli. Mimi mfano huo siupendi, maana ufunguo unamfungulia aliye nje tu. Insulini inafanana zaidi na mtu anayepiga hodi. Inagusa kipokezi kilicho nje ya seli, ujumbe unapita ndani kutoka mkono hadi mkono, kisha wa ndani ndio wanaoleta milango ya glukosi juu ya ukuta wa seli na kusema karibu. Kwenye misuli, ambayo ndiyo inapokea sehemu kubwa ya glukosi baada ya mlo, mambo huenda hivyo. Kwenye ini, hodi hiyohiyo inaliambia ini liache kutengeneza sukari yake kwa sababu ya nje imeshafika.

Usugu wa insulini ni pale hodi inapigwa na wa ndani hawaitiki vizuri. Chanzo kimojawapo kikubwa ni mafuta kujikusanya mahali ambapo si pake, ndani ya misuli na ini, yakavuruga ule ujumbe unaopita ndani. Kongosho halikati tamaa. Linapiga hodi mara mbili, mara tano. Milango inafunguka hatimaye, glukosi inaingia, na ukipima damu asubuhi unakuta 5.3. Namba ni nzuri, ila hakuna aliyeuliza imepatikana kwa kelele kiasi gani. Hali hii inaweza kukaa miaka mingi.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga. Chumba kimoja hawasikii, lakini hodi ile kubwa inawafikia wapangaji wote. Ngozi ya shingo na kwapa haijawa sugu. Insulini ikizidi inaisukuma izaliane, inakuwa nene na nyeusi. Ndiyo shingo niliyoipeleka bombani. Ovari zinasikia nazo, zinatengeneza homoni za kiume kuliko inavyotakiwa, na hapo ndipo dada zetu wengine hukosa hedhi miezi miwili mitatu au kuota ndevu, wanabaki kujificha. Figo zinasikia na kuzuia chumvi, jambo linaloweza kuchangia presha kupanda. La ajabu zaidi ni ini: kwenye sukari linajifanya kiziwi, kwenye kutengeneza mafuta linasikia vizuri kabisa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1936 daktari Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wapo wagonjwa wa kisukari ambao insulini haiwagusi sana kama wengine. Karibu na mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York walipata njia ya kupima insulini yenyewe, wakakuta watu wazima wenye kisukari ambao insulini yao ni nyingi, si haba. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Kisukari cha aina ya pili huja pale kongosho linapochoka. Seli zake za beta zinapungua nguvu, hodi inafifia, sukari inapanda. Hapo ndipo mtu husema sukari imemuanza, kumbe safari ilianza zamani. Na kwetu safari hii imekuwa ya kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kutoka vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani asilimia 9. Njia za kupima na watu waliopimwa havikufanana, kwa hiyo usizilinganishe kama matokeo ya mpira, lakini pengo hilo si dogo.

Na sisi wa chuo? Bumu likitoka ni chipsi mayai na soda, wiki ya mitihani hatulali, na kukosa usingizi peke yake kunapunguza usikivu wa seli kwa insulini. Msuli unaofanya kazi, kinyume chake, unafungua milango yake bila kusubiri hodi. Kutembea kutoka kantini hadi hosteli baada ya kula ni kitu. Ila tusigeuze hili kuwa fimbo ya kumpigia mtu mnene. Urithi una sehemu yake kubwa, na wembamba nao wanapata. Binti wangu alikuwa na babu na shangazi wenye kisukari. Kupanda vilima vya Ileje kila siku hakukumkinga moja kwa moja.

Weusi wa shingo nao una sababu nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa, kwa hiyo usijipime kwa kioo. Nenda kituo cha afya, waambie historia ya familia, wakupime sukari, presha na mzunguko wa kiuno. Tabibu alimwandikia binti barua ya kwenda hospitali ya wilaya na mama yake.

Nilimwomba radhi ofisini. Akasema, "Hamna shida, Madam." Nikaona haitoshi, maana kosa nililifanya mstarini. Jumatatu iliyofuata nikawaambia wanafunzi wote nilichokuwa sikijui kuhusu shingo na ngozi, bila kutaja jina, ingawa kila mtu alijua. Baada ya mstari wasichana wawili wa kidato cha kwanza walinifuata hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu, wakasimama tu. Mmoja akalegeza kola yake akageuka nyuma nione.